Dakika Arobaini za Mama

Baba yangu ni fundi saa, na hadi anafikisha miaka sitini na minane alikuwa hajawahi kupika hata uji. Simsemi vibaya. Ndivyo alivyokuwa, na mama ndivyo alivyomtaka awe. Mama alipika miaka thelathini katika kantini ya kiwanda cha sabuni, akirudi nyumbani anapika tena, na mwanamume aliyethubutu kuingia jikoni kwake kuulizia chai alitolewa kwa mwiko. Baba alikuwa na chumba chake cha mbele chenye dirisha la barabarani, meza yake, kile kioo chake cha kubana jichoni, vibano vyake, na visahani vya skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Kila mtu na himaya yake. Waliishi hivyo miaka arobaini na mmoja bila kuvukiana mpaka.

Halafu mama akapata kiharusi.

Kilimchukua mkono wa kulia, kikamwachia wa kushoto. Miguu ilirudi nusunusu, kwa fimbo na kwa kushikwa kiwiko. Maneno nayo yalirudi, ila moja moja, na kila moja kwa jasho. Akili ilibaki palepale ilipokuwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana ungemwona anatafuta neno analolijua fika. Kitu kimoja tu hakikurudi kabisa, nacho ni hamu ya kula.

Nilikwenda kuwaona Alhamisi moja, miezi mitatu baadaye, nikamkuta mama kwenye kiti chake cha mikono, ambacho baba alikuwa amekihamishia jikoni karibu na dirisha. Alivaa gauni la kijani nililomshoneshea mwaka uliotangulia. Wakati ule lilimkaa sawasawa. Sasa lilining'inia kana kwamba bado liko kwenye hanga. Baba alimletea supu ya kununua, mama akala vijiko viwili, akageuza uso.

"Anakula hivi kila siku?" nikauliza.

"Leo amekula vizuri," akasema baba.

Nikawaka. Hasira yangu ndivyo ilivyo, hutangulia mbele nami huifuata nyuma. Kazi yangu ni kupanga ratiba za mabasi ya safari ndefu. Kutwa nawaambia watu wazima wenye ndevu saa ya kuondoka na saa ya kufika, na nikifika kwa wazazi wangu sibadiliki. Nikatangaza kwamba mama anahamia kwangu. Nina chumba cha ziada, nina dada wa kazi anayejua kupika, hospitali iko mtaa wa pili. Gari nitaliagiza lije Jumatatu asubuhi. Yote hayo niliyasema nimesimama, mkoba bado uko begani.

Mama akatikisa kichwa. "Hapa," akasema.

"Mama, unakwisha."

"Hapa."

Baba hakupandisha sauti, hajawahi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Ratiba," akaniita kwa jina lake la kunitania, "ukimtoa mtu huyu katika jiko hili, ujue umemtoa duniani."

"Maneno matamu hayashibishi, baba."

"Najua." Akamgeukia mama, akamuuliza kitu ambacho, nakiri, mimi nilikuwa sijamuuliza. "Bosi, wewe unataka kula nini?"

Mama alinyoosha mkono wa kushoto hadi rafu ya chini, akavuta daftari lake la mapishi, akaliweka mapajani. Alifunua kurasa kwa kidole gumba, taratibu, mpaka akaufikia ule ukurasa uliogandamana kwa sukari ya miaka mingi. Akaweka kidole. Viraka.

Jina hilo nililitoa mimi nikiwa na miaka mitano. Chini unapanga matunda yaliyokatwa, kwetu yalikuwa mapichi, pamoja na sukari, limau na mdalasini. Juu yake hutandazi unga ukafunika kila mahali. Unaudondosha kwa kijiko, kibonge hapa, kibonge pale, karibukaribu. Ukiingia ovenini unaumuka hadi vibonge vinakaribia kushikana, na kwenye nafasi zilizobaki maji ya matunda yanachemkia juu, mazito na mekundu. Nilipoona mara ya kwanza nilimuuliza mama kwa nini ameyashonea mapichi viraka. Alicheka mpaka akakaa chini, na jina halikutoka tena. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikula viraka, na mama, ambaye kwa kawaida alikula wa mwisho tena kidogo, siku hiyo alijipakulia wa kwanza.

"Nipe mpaka Jumapili," baba akaniambia. "Nitamwokea mimi. Akimaliza sahani, anabaki. Asipomaliza, Jumatatu nitambebea mzigo wake mwenyewe hadi garini."

"Wewe? Uoke?"

"Kwani ni nini? Ni vipimo na muda. Muda ndiyo kazi yangu."

Nilimtazama mama, nikitegemea atanisaidia kumcheka. "Jumapili," akasema, na nusu ya mdomo wake ikaelekea kutabasamu. Nikakubali. Nilikubali kwa sababu nilijua baba atashindwa, na nitasema ukweli wote, nilitaka ashindwe. Niliogopa simu ya asubuhi moja kuniambia kwamba mama amekwisha kabisa, nami nilikuwa mbali nikipanga mabasi.

Ijumaa baba alifunga chumba cha mbele, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba tu. Akanawa mikono hadi viwikoni, akabana kile kioo chake jichoni, akalisoma daftari la mama kama anatafuta ufa kwenye kito. Mapichi kumi na mawili aliyamenya kila moja kwa ganda moja refu lisilokatika. Kokwa alizing'oa kwa kibano. Nikamwuliza kama anapika au anafanya upasuaji, akanijibu nisiongee na fundi akiwa kazini.

Vipimo vya mama havikuwa vya mtu mwingine. Daftari lilisema "kikombe chenye mkwaruzo", na baba akavipanga vikombe vyote mezani hadi mama alipokionyesha chenyewe. Lilisema "siagi ya kutosha", na baba akasimama na kisu hewani akimwuliza Bosi ya kutosha ni ipi, mama akimwambia ongeza, ongeza, basi. Unga aliusawazisha juu ya kikombe kwa rula. Nilisimama mlangoni nikijizuia kucheka, nikaona mama naye anajizuia, na siku hiyo nilipata raha kidogo ambayo sikuitarajia.

Chini kabisa ya ukurasa mama alikuwa ameandika: "Moto wa kati. Dakika arobaini. USIFUNGUE MLANGO." Maneno hayo ya mwisho yalipigiwa mistari miwili.

Muda wa jikoni mle ulipimwa na Yai. Yai lilikuwa kengele ya kuzungusha yenye umbo la yai, nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi, ambayo mama alizawadiwa na wenzake kantini ilipofungwa, akaandika upya dakika zote za daftari lake kwa kulifuata. Unashika nusu ya juu, unaizungusha hadi kwenye dakika unazotaka, unaliacha lijirudie lenyewe likigonga polepole hadi lifike sifuri lilie. Shida ni kwamba halikulia, lilikohoa tu. Kwa miaka kumi na tisa mama alimwomba baba atengeneze ile sauti, na kwa miaka kumi na tisa baba, fundi anayetegemewa na mtaa mzima, alimwambia kesho. Mama alipolazwa, baba alirudi kutoka hospitali siku ya kwanza, akakaa mezani kwake, akalifungua Yai, akalisafisha jino kwa jino. Aliniambia wiki ile hakuweza kufanya kitu kingine chochote. Sasa Yai lililia mpaka jirani akasikia.

Basi akalizungusha hadi arobaini, akafunga oveni, akakaa mbele yake na mikono magotini. Harufu ya mdalasini ikaanza kutembea nyumbani. Mimi nilisogea niangalie kidogo tu, baba akanizuia kwa mkono. "Imeandikwa," akasema. Yai likalia. Akafungua.

Juu palikuwa na rangi ya mtu aliyeamka na homa. Baba alipochota, chini ya kibonge kulitoka uji wa unga mbichi, ukamwagika juu ya mapichi yaliyokuwa bado magumu. Mama alionja kwa adabu, akaweka kijiko pembeni ya sahani taratibu, namna anavyofanya kwa wageni asiotaka kuwaumiza.

"Nimefuata kila kitu," akasema baba.

"Moto ulikuwa mdogo," nikasema mimi, kana kwamba nimeulizwa. "Kesho uongeze."

Jumamosi akaongeza. Mapichi mengine kumi na mawili, maganda mengine kumi na mawili marefu, kikombe kilekile, rula ileile. Safari hii mama hakutulia. Mara tu Yai lilipoanza kugonga alikunja uso, akaligeukia pale rafuni, akatikisa kichwa. Baba akamuuliza kama kelele zinamsumbua. Mama akatafuta neno, halikuja, akapunga mkono kwa kukata tamaa. Baba akalipeleka Yai sebuleni, akaliweka juu ya mto ili lisipige kelele, akarudi kukaa mbele ya oveni.

Zilipofika arobaini, viraka vilitoka vyeusi juu na vibichi chini. Mama alikula kijiko kimoja. Nikakumbuka kwamba ule ushauri wa moto ulikuwa wangu, nikaanza kukusanya vijiko. Baba aliichukua trei hadi nje, akasimama nayo uani muda mrefu bila kuimwaga. Mgongo wake ulikuwa wa mzee. Sikuwahi kuuona hivyo kabla.

Jioni ile nilianza kufunga nguo za mama kwenye sanduku, mlango wazi, ili asije akasema nilimficha. Alinitazama tangu gauni la kwanza hadi la mwisho. Hakusema "hapa". Nilidhani ningefurahi, kumbe nilikuwa nakunja gauni moja, nalikunjua, nalikunja tena.

Jumapili asubuhi baba alirudi jikoni kimyakimya. Hakuwa na utani tena. Yai alilirudisha jikoni, akaliweka dirishani karibu kabisa na kiti cha mama, kwa sababu, alisema, jana hakulisikia vizuri na fundi asiyesikia saa yake ni bure. Akamaliza vibonge vyote, akalizungusha Yai kulijaribu kabla ya kuwasha oveni. Likaanza kugonga.

Mama akaanza kugonga naye, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwenye mbao ya kiti. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikoroga unga miaka kumi na tisa, mwiko unafuata Yai, na mimi niliyekulia jikoni kwake nilikwisha kuacha kulitambua jambo hilo. Lakini sasa kidole na Yai havikwenda pamoja. Yai lilikuwa mbele. Mama aliacha kugonga, akasikiliza, akakunja uso kama jana, akaanza upya kwa mwendo wake mwenyewe, polepole. Yai likamwacha tena.

Baba aliganda na kijiko mkononi. Huyu ni mtu anayeweza kupita kwenye sebule ya watu akakwambia saa ya ukutani inahitaji mafuta. Aliweka kijiko chini, akainua mkono wenye saa yake, akahesabu kidole cha mama dakika nzima, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akatoka mbio, kwa kadiri magoti yake yanavyomruhusu, akarudi na lile daftari kubwa la kazi analoandikia kila saa inayopita mezani kwake. Akatafuta, akapata, akasoma kwa sauti.

"Kengele ya jikoni, umbo la yai. Mteja: Mke. Hitilafu: mlio hafifu. Pia inachelewa, arobaini yake ni hamsini na mbili. Imesafishwa, imefungwa springi mpya, imerekebishwa."

Tukatazamana.

"Niliandika mwenyewe," akasema baba. "Maisha yangu yote nimeandika hivyo hivyo, inachelewa, imerekebishwa. Mkono uliandika, kichwa kilikuwa hospitali."

Mama akaelewa kabla yangu. Kicheko kilimtoka upande mmoja, kikakwama, kikatoka tena, na mabega yakaanza kumtikisika. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu augue. "Kumi... na mbili," akasema, akimnyooshea baba kidole. "Fundi. Kumi na mbili!"

"Basi hesabu ni rahisi," nikasema, kwa haraka yangu ileile. "Viache ndani dakika hamsini na mbili. Tuwashe."

Baba akatikisa kichwa. Alilichukua lile daftari la mapishi kutoka mapajani kwa mama, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. "Na mkate? Na biskuti? Na keki zako za kuzaliwa? Humu kuna kurasa themanini, mwanangu, na kila ukurasa una dakika zake. Miaka kumi na tisa kwa Yai hili hajaunguza kitu, hajatoa kitu kibichi. Sasa mimi nimwambie zote ni makosa, aanze kujifunza upya, na mkono mmoja?" Akalitia Yai mfukoni. "Saa yake ilikuwa sahihi. Aliyeiharibu ni mimi."

Nikamfuata chumba cha mbele. Baba hatupi kitu. Springi ya zamani ilikuwa ndani ya kiberiti kitupu, imechoka na kulegea. Alifungua Yai, akatoa springi mpya, akarudisha ile mbovu. Kengele hakuigusa. Nimemwona baba akifanya kazi tangu nikiwa nimesimama kwenye stuli, lakini sikuwahi kumwona akifanya hivi, akirudisha ubovu kwa uangalifu uleule aliotumia kuuondoa. Akalifunga, akalipeleka kwa mama, akalishika karibu na sikio lake.

Mama akagonga kidole. Akatikisa kichwa. Bado.

Baba akarudi mezani, akalegeza kitu, akaenda tena. Bado. Akarudi. Mara ya nne, mama alifumba macho, kidole kikashuka, na Yai likashuka nacho, na pigo lililofuata vilevile, na lililofuata. Walibaki hivyo, yeye ameinama na Yai mkononi, mama akigonga, mpaka nikaona haya kuwatazama, nikaenda kuwasha oveni.

Moto wa kati. Dakika arobaini. Hakuna aliyefungua mlango. Mwalimu mstaafu wa jirani alibisha hodi kuulizia betri ya saa yake, baba akamwambia kupitia dirishani kwamba leo fundi ni mpishi. Tulikaa watatu mbele ya oveni. Harufu ilipita ile ya Ijumaa na ile ya Jumamosi, ikafika mahali nilipoikumbuka, mahali ambapo nikiwa mtoto nilikuwa naanza kupanga sahani mezani bila kuambiwa. Nikasimama, nikazipanga. Yai likalia kwa sauti ile kubwa ambayo mama aliiomba miaka kumi na tisa, akashtuka, akamtazama baba, akamwonyesha kidole gumba.

Viraka vilitoka na rangi ya mkate uliokubali, vimeumuka, vimeshikana isipokuwa pale palipochemka wekundu. Baba alimpakulia mama kwanza. Mama akapuliza, akala. Akatafuna polepole, akitazama dirishani. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Akachota tena, na tena. Katikati ya sahani akakisimamisha kijiko.

"Limau," akasema. Akapumua. "Limezidi."

Miezi mitatu mama alikuwa anakubali kila kilicholetwa mbele yake na kukiacha bila neno. Leo alikuwa analalamika. Nililia pale pale, sikujificha. Mama akanitazama kama anavyomtazama mtu anayepoteza muda, akamaliza, akakwangua sahani kwa ukingo wa kijiko hadi ikang'aa, akaisukuma mbele kwa baba.

"Tena," akasema.

Nilitoka kwenda kupiga simu ya kufuta gari. Nilipitia chumba cha mbele, kwa sababu simu yangu niliiacha pale kwenye meza ya baba, na lile daftari kubwa la kazi lilikuwa wazi pembeni yake. Sijui aliandika saa ngapi. Labda wakati viraka vikiwa ovenini na mimi nikipanga sahani. Mwandiko wake ni ule ule mdogo ulionyooka.

"Kengele ya jikoni, umbo la yai. Mteja: Mke. Hitilafu: inakwenda sawasawa. Imerekebishwa."